Kitambaa cha Mama Mkwe

Wiki iliyopita mliniacha juu ya paa, nimelikumbatia bomba la moshi jipya kama bwana harusi, na chini yangu mama mkwe kaishika ngazi kwa mikono miwili. Alikuwa amesema, "Shuka, au hii ngazi naondoka nayo." Nawashukuru mlionitumia salamu. Wengine mliniombea nianguke, na hilo nalo nimelisikia.

Sikuanguka. Bora ningeanguka, kama mtakavyoona.

Kwa aliyechelewa kuingia nirudie kidogo. Mimi ni mwoka mikate. Baba yangu alikuwa mwoka mikate, na tanuri ninalotumia alilijenga yeye. Upande wa pili wa ukuta kuna dobi, na dobi huyo ndiye aliyemzaa mke wangu. Nilimposa mke wangu kwa kupeleka mkate wa moto kila asubuhi, na mpaka leo mama mkwe anawaambia watu kwamba binti yake alitolewa mahari ya unga.

Ugomvi wetu ni masizi. Yeye anafua mashuka meupe ya nyumba ya wageni na kuyaanika uani kwake. Bomba langu fupi lilikuwa likiyatia madoa. Akaacha kuniita mkwe, akaanza kuniita Bwana Masizi, tena mbele ya wateja.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kifua cha binti yangu. Tunamwita Kibogoyo, kwa sababu meno ya mbele yameng'oka na mapya yamegoma kuja. Alianza kwa kukohoa, kisha kifua kikawa kinapiga filimbi. Daktari akasema ni pumu, na moshi ndio unaoichokoza. Mke wangu akafunga begi, akamshika mtoto mkono, akarudi kwa mama yake.

Wake wa wenzangu wakirudi kwao hupanda basi. Wangu alitoka mlango huu akaingia ule. Nikawa namsikia akicheka ukutani, nami niko huku nakanda unga peke yangu. Msinicheke. Mtu anaweza kuachwa hata kwa umbali wa ukuta mmoja.

Ndiyo maana nilikuwa juu ya paa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Bomba likiwa refu, moshi utapita juu ya uani. Mashuka yatabaki meupe, mtoto atapumua, mke atarudi.

"Mama," nilimwambia kutoka huko juu, "hili bomba ni kwa faida yako."

"Moshi unapunguzwa, haupandishwi."

"Utapita juu kwa juu, hutauona kabisa."

"Na nisipouona utakuwa umekwenda wapi?"

"Angani."

"Angani kwa nani?"

Nikajifanya nakaza nati. Mama mkwe akaiachia ngazi, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Haya, funga," akasema. "Mpanda ngazi hushuka."

Nikafunga. Na bomba likafanya kazi, nawaapia! Kesho yake mama mkwe aliyakagua mashuka moja moja, mbele na nyuma, akayapeleka mpaka kwenye mwanga. Hakuona doa. Akaguna tu. Jamani, mguno wa mama mkwe yule ni cheti.

Nikaoga. Nikavaa shati la harusi, lile ambalo siku hizi limekataa kufunga kifungo cha tumboni. Nikachukua mkate wa moto kwapani, nikapiga hodi.

"Nimekuja kumchukua mke wangu, mama."

"Hayupo."

"Yuko wapi?"

"Kahama."

Mkate ulitaka kuniponyoka. "Kahamia wapi?"

Mama mkwe alinyoosha kidole juu.

Juu ya chumba cha kufulia anakaa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, fundi redio. Kumbe mke wangu naye alipiga hesabu kama yangu: moshi uko chini, basi tupande juu. Alihama siku ile ile niliyokuwa nafunga bomba. Hakuna aliyeniambia, maana tulikuwa hatusemezani.

Nikainua macho. Dirisha la shemeji lilikuwa wazi, na mdomo wa bomba langu ulikuwa unalitazama uso kwa uso. Moshi ulikuwa unatoka huku na kuingia kule bila hodi.

Kisha nikasikia kikohozi.

Mke wangu akatokea dirishani, amejifunga mtandio puani. "Tulikaa chini ukatufukuza," akasema. "Tumepanda juu umetufuata. Tukikaa juu ya paa utaleta ngazi?"

"Sikujua, mama Kibogoyo! Wallahi sikujua!"

"Najua hukujua. Ndiyo shida yako."

Nilikuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto, na moto wenyewe niliuwasha kwa mkono wangu. Nikapanda ngazi za kwa shemeji mbili mbili. Kibogoyo alikuwa amekaa kitandani, amejikunja, mabega yanapanda na kushuka. Alitaka kuniita. Alisema "Ba", ile "ba" ya pili ikakosa pumzi.

Mimi ni mtu wa mzaha, mnanijua. Kwa ile "Ba" moja sina mzaha. Nilimbeba mpaka hospitali, mikono bado ina unga.

Walimvalisha kile kifaa cha kuvutia dawa, kinachofunika mdomo na pua, na kidogo kidogo ile filimbi ikafifia. Daktari, mama mmoja mwenye miwani shingoni, akaitazama mikono yangu.

"Wewe ndiye wa mikate?"

"Ndiye."

"Nanunua kwako. Unachoma nini kwenye tanuri?"

"Kuni."

"Kuni gani?"

"Mbao. Mabaki ya seremala, pale nyuma ya kwangu."

"Zina rangi?"

"Zina rangi nzuri tu," nikasema.

Kibogoyo alicheka ndani ya kile kifaa. Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu yangu, akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzima aliyefanya mambo ya kitoto.

"Mbao za rangi na gundi zikiungua zinatoa sumu, baba. Na hata moshi wa kawaida una vumbi laini kuliko unga wako, jicho halilioni. Linashuka mpaka mwisho wa mapafu, jingine linaingia kwenye damu. Mtoto anahema haraka kuliko wewe, kwa hiyo analivuta kwa wingi. Lakini usidhani wewe umepona. Moyo wako nao unaubeba moshi huo. Mama mkwe wako kwa umri wake, yeye zaidi."

"Lakini daktari, nimeshapandisha bomba."

"Hewa haina ghorofa. Moshi uliomwondolea wa chini umempelekea wa juu. Tanuri lako linapata hewa?"

Hapo nikatuna. Nikamweleza ujuzi wa ukoo wetu. Moto ukishashika, unaloweka gunia, unaziba nalo tundu la chini la tanuri. Moto unalala, kuni zinakaa muda mrefu. Baba alinifundisha gunia kabla sijajua kuandika jina langu.

Daktari akavaa miwani. "Basi moto wako unakabwa koo. Moshi mzito ni kuni ambazo hazikuungua. Unawagawia majirani kuni zako wazivute puani."

Nilitazama chini. Maisha yangu yote nimejivunia lile gunia.

Kibogoyo na mama yake wakarudi kwa shemeji, nami siku hiyo hiyo nikapanda kulishusha lile bomba refu, nikarudisha la zamani. Nilikuwa sijalitua vizuri, seremala akapita. Ni mtu mchangamfu, hakosi penseli sikioni.

"Bwana Mikate, hilo bomba vipi?"

"Chukua! Sitaki hata kuliona. Na mbao zako basi, usiniletee tena."

"Sasa nitazipeleka wapi?"

"Hilo ni lako, bwana. Mimi nina mgonjwa."

Akalitupia begani akaenda zake akipiga mluzi. Nami nikaona nimemaliza.

Nikatafuta kuni safi zisizo na rangi, nikazipasua nyembamba, nikazianika mpaka zikigongana zinalia. Nikalitoa gunia kwenye tundu, na tanuri likaamka kama limetukanwa. Moto mweupe, mkali, moshi kiduchu. Mikate ya siku ile ilitoka myeusi tititi.

"Leo mikate imevaa makoti?" aliuliza mteja mmoja.

Mwingine akataka kujua kama sasa nauza mkaa. Nikavumilia. Baada ya muda nikajifunza kwamba moto unaopata hewa hautaki kuni nyingi, na moshi ukapungua mpaka ukawa wa kutafutwa.

"Mama, njoo uone," nikamwita mama mkwe. "Unaona moshi wowote?"

"Macho hayafui nguo," akanijibu.

Yeye ana utaratibu wake wa kazi. Akipata mahali papya pa kuanika, haweki shuka la mtu kwanza. Anaanza na kitambaa cheupe kilicholowa maji, anakitundika hapo kutwa nzima. Kikavu kinaacha masizi yapite, cha majimaji kinayanasa. Kikishuka kimechafuka, hapo mahali hapafai. Basi akaloweka kitambaa, akakikamua, akampa mke wangu akatundike kwenye dirisha la juu.

"Kila siku asubuhi mpaka jioni," akasema. "Kikikauka kitaloweshwa tena. Kikishuka cheupe wiki nzima, mtoto anarudi kwa baba yake. Kikipata doa, tunaanza upya."

Mke wangu akakubali. Nikatazama juu nikaiona ndoa yangu imetundikwa dirishani kwa vibanio viwili.

Siku ya kwanza kilishuka cha kijivu. Ya pili, kijivu. Ya tatu mama mkwe akaja nacho hadi mlangoni kwangu.

"Bwana Masizi, unachoma mbao kwa siri?"

"Naapa, mama..."

"Usiape. Zima."

"Nizime tanuri?"

"Kutwa. Tuone."

Nikazima. Mnajua mtaa usio na mkate asubuhi? Watu walikuja kunipa pole. "Bwana Mikate, umefiwa?" Nikawajibu bado. Mmoja akasema mke amekwenda, sasa na mikate imekwenda, kabakia yeye na kitambi. Nilikaa kibarazani nimekunja mikono, natazama dirisha.

Alasiri kitambaa kikashushwa. Kilikuwa na madoa meusi kuliko siku zote.

Tukakusanyika wote mbele ya tanuri. Mke wangu, shemeji, Kibogoyo, na mama mkwe amekishika kitambaa kwa ncha mbili za vidole.

"Haya," akasema. "Jieleze."

Kabla sijafungua mdomo, Kibogoyo alishatumbukiza mkono ndani ya tanuri mpaka begani. "Baridi," akatangaza. "Baba hajachoma kitu leo."

Mama mkwe naye akatia mkono. Akauacha humo kwa muda, kama anatafuta moto uliojificha.

Nikaomba kitambaa, nikakinusa. Harufu ya nailoni iliyoungua. Mimi sichomi nailoni. Lakini mashuka ya wageni huletwa kila asubuhi yamefungwa kwenye mifuko ya nailoni, na katika miaka yote hii sijawahi kuiona ile mifuko ikitoka. Tena nyuma ya chumba cha kufulia, upande usio na uani, kuna kibomba cha pipa la kuchemshia nguo. Kimeupanda ukuta, kikaishia chini ya dirisha la shemeji.

Sasa niambieni nyinyi wajuzi. Jambo kama hilo mama mkwe anaambiwaje? Methali ilinijia mdomoni, ile ya nyani na asichokiona, nikaimeza kama kidonge kichungu. Nikamtazama shemeji, akatazama dari. Nikamtazama mke wangu, akawa anakagua kucha zake.

"Bibi," akasema Kibogoyo, "si na wewe una bomba?"

Mama mkwe akajifunga kanga upya.

"La kwangu halitoi moshi, mjukuu wangu," mama mkwe akasema. "Ule ni mvuke."

"Mvuke wa nailoni, mama?" akauliza mke wangu, kwa sauti ya chini.

"Nailoni ni ya kuwashia tu! Inashika haraka. Na mashuka yangu hayajawahi kupata doa hata siku moja, tangu..."

Akakatisha. Alikuwa ameliona. Mashuka yake yako mbele, moshi wake unapitia nyuma. Alikuwa anaipima hewa ya mtaa mzima kwa kamba yake ya kuanikia.

Akageuza beseni, akalikalia.

"Mimi ndiye niliyempokea huyu mtoto," akasema. "Maji yake ya kwanza nilimmwagia mimi."

 Mama mkwe ninayemjua mimi huwa haishiwi maneno, lakini siku hiyo yalimwishia.

Nami, mniamini, nilikuwa nimeisubiri kwa hamu siku ya kumkamata. Nilikuwa hata na hotuba yake. Nikaitafuta ile hotuba sikuiona. Nilimhurumia, na nikajua kwamba nampenda yule mama, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na yeye ndiye wa mwisho ningemwambia.

Akainuka, akaingia chumba cha kufulia, akachukua ndoo ya maji ya suuza akaimwagia moto wake. Mashuka yakabaki ndani ya pipa, nusu yamechemka nusu hayajachemka.

"Sasa wageni wa watu watalalia nini?" akajiuliza.

"Mama," nikasema, "tanuri langu likishatoa mikate linabaki na joto mpaka jioni, halina kazi. Tukipandisha pipa la maji juu yake, unapata maji ya moto bila kuwasha hata kijiti."

"Mashuka yangu yanuke mkate?"

"Wageni wataamka na njaa. Watakuja kununua kwangu."

Akanitazama sana. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Nilijua tu," akasema huku anafuta machozi. "Huyu lazima atie unga mahali!"

Hivyo ndivyo kazi mbili zikaingia kwenye moto mmoja. Shemeji alituungia mpira wa kupitisha maji ukutani. Mifuko ya nailoni ikawa inakunjwa na kurudishwa nyumba ya wageni na mkokoteni ule ule ulioileta. Mama mkwe akawa anakuja alfajiri kuzikagua kuni zangu kama anavyokagua mashuka. "Hii bado ina jasho," anasema, anaitupa nje. Na akarudi kuniita mkwe. Sikulisema, lakini nililisikia kila mara.

Tukaanza upya ile wiki. Kila jioni shemeji alichungulia dirishani na kitambaa mkononi, akatangaza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Cheupeee!" Watoto wa mtaani wakaitikia, na wateja wangu nao. Kuna mzee alikuwa hanunui mkate mpaka asikie matokeo.

Na asubuhi moja, naingiza mikate, nikasikia kutoka juu, "Baba! Niletee mkate!"

Maneno yote, kwa pumzi moja. Nikasahau mikate ndani, ikavaa makoti tena.

Siku ya mwisho ya wiki hatukuweza hata kungoja jioni. Mchana tu, kitambaa kiko dirishani cheupe pe, mke wangu akafunga begi. Sote tulisimama chini ya ngazi. Kibogoyo alitangulia, akazishuka mbio. Mbio! Mtoto ambaye mwezi huo alikuwa akitembea kama mzee. Ngazi ya tatu kutoka chini akaruka, nikamdaka, nikaweka sikio kifuani kwake.

Hakuna filimbi. Moyo tu, unadunda zake. Nikatoa machozi, nikasingizia unga.

Mke wangu akawa anashuka taratibu, begi mkononi, macho yananikagua.

"Umefagia?"

"Nimefagia."

"Na shuka la kitandani?"

"Limefuliwa na dobi bora wa mtaa huu."

"Nililiogopa," akadakia mama mkwe, "lakini nililifua."

Mke wangu akacheka. Kicheko kile kile nilichokuwa nakisikia ukutani, sasa nakiona na meno yake. Ilibaki ngazi moja afike chini.

"Baba," akasema Kibogoyo, ameinua pua, "nani anachoma rangi?"

Ile harufu naijua kuliko mtu yeyote, nimeishi nayo. Tukageuka wote. Kutoka nyuma ya nyumba zetu moshi mzito mweusi ulikuwa unapanda, mrefu, umenyooka, umepita mapaa yote. Huko juu upepo ukaukunja, ukauleta polepole mpaka kwenye dirisha la shemeji. Tulikitazama kitambaa. Doa la kwanza likatua, la pili, kisha hayakuhesabika.

Kibogoyo akakohoa. Akakohoa tena, na safari hii kwa mbali niliisikia ile filimbi.

Mguu wa mke wangu ulikuwa bado haujagusa chini. Akaurudisha. Akaweka begi, akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Hakupiga kelele. Alinishika shavu kidogo, kwa huruma.

"Angalau leo si wewe," akaniambia, akapanda nao juu, mtoto na kikohozi chake. Shemeji akawafuata.

Kutoka juu shemeji akatutupia kitambaa, akafunga dirisha. Mama mkwe akakidaka, akakitazama, akakifumbata.

"Ni kwa seremala," akasema. "Twende, mkwe wangu. Leo namkamua yeye."

Tukaondoka bega kwa bega, mimi na mama mkwe, na nyuma yetu nusu ya mtaa. Nilijisikia shujaa. Mkwe *wangu*, alisema! Nilikuwa hata nimeanza kupanga maneno makali ya kumwambia huyo mtu asiyejali watoto wa wenzake.

Mama mkwe akasukuma geti kwa bega.

Seremala alikuwa katikati ya uwanja wake, penseli sikioni, anasukumiza vipande vya mbao za rangi ndani ya pipa la chuma. Aliponiona, uso wake ukachanua.

"Bwana Mikate! Karibu, karibu! Njoo uone kazi! Ulipozikataa zile mbao zikajaa uwanja mzima, leo nikasema, basi, nitazichoma mwenyewe. Na hapa hakuna jirani hata mmoja aliyelalamika, moshi wote unapita juu kwa juu!"

Akalipiga kofi bomba lililosimama juu ya lile pipa. Lilikuwa refu, jipya, na nati zake zote nilizikaza mimi kwa mkono wangu.

"Na hili bomba ulilonipa," akasema, "Mungu akuzidishie!"

 Mama mkwe akalitazama bomba kuanzia chini, akapanda nalo taratibu mpaka kwenye mdomo wake, akaufuata moshi kwa macho mpaka kwenye dirisha lililofungwa. Kisha akanigeukia, kitambaa bado kiko mkononi.

"Bwana Masizi," akaniita.